Msimbo Uliobanwa: Kutoka Cambridge hadi Kinyamaseke

Aprili 1982, kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ilizindua kompyuta ndogo nyeusi iliyoitwa ZX Spectrum. Mnunuzi aliiunganisha na televisheni ya nyumbani kwake, akaandika PRINT TAN 1, na skrini ikamjibu 1.5574077. Hesabu hiyo ya tanjenti ilikuwa imeandikwa ndani ya mashine kwa baiti 8. Jina la Kinyamaseke, kituo cha biashara kwenye barabara ya Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, magharibi mwa Uganda, likiandikwa kwenye kompyuta hiyohiyo linachukua baiti 11.

Aliyeziandika baiti 8 za tanjenti ni Steve Vickers, mwanahisabati mwenye shahada ya uzamivu, ambaye Januari 1980 alijiunga na kampuni ndogo ya programu iliyoitwa Nine Tiles. Sinclair iliwapa Nine Tiles kazi ya kuandika programu ya kukaa ndani ya kompyuta zake. Mwenzake Vickers, John Grant, ndiye aliyeiandikia ZX80, iliyotoka mwaka 1980. Vickers akaichukua kazi hiyo, akaipanua kwa ZX81 na kisha Spectrum. Historia ya kompyuta za nyumbani husimuliwa zaidi kwa majina ya wenye kampuni, watu kama Clive Sinclair na Steve Jobs. Ufundi wenyewe, ule uliomwezesha mtoto wa shule kuandika programu kwenye mashine ya bei ya baiskeli, uliishi katika kazi ya watu kama Grant na Vickers, na unastahili kusimuliwa kwa kina.

Kompyuta hizo hazikuwa na diski. Ukiwasha umeme, mashine ilikuwa tayari kwa sekunde chache, kwa sababu kila ilichokijua kilikuwa kimeshapigwa chapa kiwandani ndani ya chipu ya ROM, yaani kumbukumbu ya kusomwa tu. Humo mlikaa mfumo wa uendeshaji, lugha ya BASIC, maumbo ya herufi, utaratibu wa kusoma kibodi na ule wa kuhifadhi programu kwenye kaseti ya kawaida ya muziki. Umeme ukikatika, ROM haisahau. Lakini pia haisahihishiki. Kosa lililoingia kiwandani lilibaki humo mpaka chipu yenyewe ing'olewe.

Tena ROM iliuzwa kwa vipimo vinavyojirudia maradufu: kilobaiti 2, 4, 8, 16. Hili ndilo lililowatia watu wa programu kwenye kona. Programu yenye baiti 8,192 inaenea kwenye chipu ya kilobaiti 8. Ukiizidisha kwa baiti 1 tu, kampuni inalazimika kununua chipu kubwa zaidi au kuongeza ya pili, na gharama hiyo inajirudia kwenye kila mashine inayotoka kiwandani. ZX81, iliyotoka Machi 1981, iliuzwa kwa pauni 69.95 ikiwa imeunganishwa tayari, na pauni 49.95 kwa aliyetaka kuiunganisha mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na chipu nne kwa jumla. Kwa bei hiyo hapakuwa na nafasi ya chipu ya tano.

ZX80 ilikuwa na ROM ya kilobaiti 4, na Grant aliiwezesha programu yake kuenea humo kwa kuacha vitu. Mashine hiyo haikujua desimali; ilihesabu namba nzima peke yake, kutoka -32,768 hadi 32,767. ZX81 ilipewa kilobaiti 8, na humo Vickers alitakiwa kuingiza desimali, logi, sine, kosine na kipeuo cha pili, pamoja na yote yaliyokuwapo tangu awali.

Ugumu ulikuwa huu. Prosesa ya mashine hizo, Z80, haijui desimali hata kidogo. Inajumlisha namba ndogo nzima, basi. Hata kuzidisha haiwezi moja kwa moja. Kila tendo juu ya namba ya desimali, ambayo Vickers aliitengea baiti 5, linahitaji kipande kirefu cha programu. Kukiita kipande hicho kwa njia ya kawaida kunagharimu baiti 3 kila mara, na kabla ya kukiita ni lazima namba zipangwe mahali pake, jambo linalokula baiti nyingine. Hesabu ya sine peke yake ina matendo mengi. Kwa njia ya kawaida kilobaiti 8 zingejaa kabla hesabu hazijaisha.

Vickers akatunga mashine ya pili ndani ya ile ya kwanza. Aliandika kikokotoo, programu ambayo inaamshwa kwa agizo moja la baiti 1. Kuanzia hapo, baiti zinazofuata hazisomwi tena na Z80 kama maagizo yake. Kikokotoo ndicho kinachozisoma, na kwake kila baiti ni tendo kamili: gawanya, zidisha, toa, nakili namba ya juu, zibadilishane nafasi namba mbili za juu. Ni kama mwalimu anayeandika ubaoni "fanyeni zoezi la 4" badala ya kunakili zoezi zima kutoka kitabuni. Baiti ya mwisho inakifunga kikokotoo, na Z80 inaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo tanjenti ndani ya Spectrum inasomeka hivi: amsha kikokotoo, nakili namba, tafuta sine, badilishana nafasi, tafuta kosine, gawanya, funga, rudi ulikotoka. Matendo 8, baiti 8. Kosine kinyume ilichukua 7, kwa sababu Vickers aliipata kutokana na sine kinyume. Kila fomula ilipanda mgongoni mwa nyingine iliyokwisha kuandikwa.

Kipeuo cha pili kinapendeza zaidi. Nacho kina baiti 7, na hakina hata agizo la kurudi. Kihisabati, kipeuo cha pili cha namba ni namba hiyo ikipandishwa kwenye kipeo cha nusu. Vickers akaandika: angalia kama namba ni sifuri, weka nusu, funga kikokotoo. Basi. Baiti inayofuata baada ya hizo 7 ndiyo ya kwanza ya kipande cha kupandisha vipeo, na prosesa inateleza kuingia humo bila kuitwa na mtu. Mpangilio wa vipande ndani ya ROM ulikuwa sehemu ya programu yenyewe.

Gharama yake ilikuwa muda. Kupandisha kipeo kunapitia logi, kisha kurudi kutoka kwenye logi, safari ndefu kwa mtu aliyetaka kipeuo cha pili cha 9 tu. Kikokotoo nacho kinakawia, kwa kuwa kinasimama kusoma na kufasiri kila baiti. Spectrum ilikuwa polepole kwenye hesabu kuliko wapinzani wake kadhaa, na wahakiki wa magazeti ya wakati huo waliilaumu. Lakini uamuzi huo ulikuwa na mantiki: mnunuzi anaweza kungoja nusu sekunde, ila hawezi kununua mashine ambayo bei yake imempita.

Vickers hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Huko California, Steve Wozniak alikuwa ameipita mwaka 1977 ndani ya kompyuta ya Apple II. Prosesa yake, 6502, hushughulikia baiti 1 kwa wakati, na kila namba ya baiti 2 inahitaji maagizo mengi. Wozniak akaandika SWEET16, programu ya baiti zipatazo 300 tu inayojifanya prosesa nyingine yenye uwezo wa kushughulikia baiti 2 kwa pamoja na yenye rejista 16. Programu iliyoandikwa kwa maagizo ya SWEET16 ilikuwa fupi zaidi, nayo ilikwenda taratibu, yapata mara kumi. Mwaka mmoja kabla, kwenye Apple I, Wozniak alikuwa ameingiza programu nzima ya kuanzisha mashine na kusoma kumbukumbu ndani ya baiti 256. Wakati huo hakuwa na programu ya kumtafsiria maagizo. Aliyageuza mwenyewe kwa mkono kuwa namba, kwa kalamu na karatasi. Mtu anayehesabu kila baiti kwa kalamu haandiki baiti ya ziada.

Hila nyingine zilikuwa ndogondogo, ila zilijumlishana. Z80 ina maagizo 8 ya pekee yanayoita kipande cha programu kwa baiti 1 badala ya 3, kwa sharti kwamba kipande hicho kianze kwenye mojawapo ya anwani 8 zilizopangwa mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu. Kuchagua nani apewe nafasi hizo lilikuwa jambo zito. Kwenye Spectrum alipewa mwenye kuandika herufi kwenye skrini, mwenye kusoma herufi inayofuata ya programu, kikokotoo, na mtoa taarifa za makosa. Huyu wa mwisho alikuwa na utaratibu wake: baada ya agizo la kumwita, mwandishi aliweka baiti 1 yenye namba ya kosa. Mtoa taarifa anaangalia ni anwani gani alikoitwa, anaisoma baiti iliyopo hapo, na kuonyesha ujumbe unaofaa. Kosa lolote, popote kwenye ROM, liligharimu baiti 2.

Maneno ya BASIC nayo yalibanwa. PRINT ina herufi 5, lakini mwenye Spectrum aliibonyeza kwa kitufe kimoja, nayo ikahifadhiwa kwa baiti 1. Hivyo mashine haikuhitaji programu ya kutambua maneno yaliyochapwa herufi kwa herufi. Orodha ya maneno yenyewe ndani ya ROM haikuwa na nafasi kati ya neno na neno. Herufi ya mwisho ya kila neno iliwekewa alama kwenye biti yake ya nane, biti ambayo herufi za kawaida haziitumii, na programu ikajua kwamba hapo neno limekwisha.

ZX81 ilifika mbali zaidi. Kwa kuwa haikuwa na chipu ya kuchora picha, Z80 yenyewe ndiyo iliyozituma herufi kwenye televisheni, mstari baada ya mstari. Kila mstari wa skrini ulifungwa kwa baiti yenye namba 118. Kwa Z80, namba 118 ni agizo la kusimama na kungoja, na ndicho hasa kilichotakiwa mwishoni mwa mstari: prosesa isimame mpaka televisheni iwe tayari kwa mstari unaofuata. Baiti ileile ilikuwa herufi kwa mtu na agizo kwa mashine. Skrini tupu ikawa na alama hizo tu, baiti 25, wakati skrini iliyojaa ilihitaji 793. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 1 pekee, akiba hiyo ndiyo iliyoacha nafasi ya mtumiaji kuandika chochote.

Kubana kulikuwa na hatari zake. Toleo la kwanza la ROM ya ZX81 lilikuwa na kosa ndani ya kikokotoo: mtu akiomba kipeuo cha pili cha 0.25, mashine ilijibu 1.3591409 badala ya 0.5. Mashine zilikuwa zimeshauzwa. Ilibidi nyingine zibandikwe kibao kidogo cha umeme cha kurekebisha jibu, kabla ROM mpya hazijapatikana. Ndani ya Spectrum kulikuwa na kosa dogo kuliko hilo. Z80 ina njia maalumu ya kukatizwa kazi kutoka nje, na ROM iliiandalia kipande kifupi. Agizo moja la kuruka liliwekwa kinyume: "ruka kama si sifuri" mahali pa "ruka kama ni sifuri". Kwa Z80, maagizo hayo mawili yanatofautiana kwa biti 1. Kwa biti hiyo, njia nzima haikufaa kitu, na mamilioni ya mashine yakatoka nayo hivyo.

Cha kushangaza, Spectrum yenyewe haikujaa. Kati ya mwisho wa kikokotoo na mwanzo wa maumbo ya herufi kulibaki baiti 1,170 tupu. Kazi ilikuwa haijamalizika. Vickers na mhandisi wa vifaa Richard Altwasser waliondoka mwaka huohuo wa 1982 wakaanzisha kampuni yao, na amri za vifaa vya kuhifadhia ambavyo Sinclair ilivitangaza hazikuwa na programu ya kuziendesha. Zikitolewa, mashine ilijibu kwa ujumbe wa kosa tu. Mwaka 1983 Sinclair ilileta kifaa cha nyongeza chenye ROM yake ya kilobaiti 8, na wahandisi wakautumia ule utaratibu wa makosa kama mlango. Kila mara prosesa ilipokwenda kwenye anwani ya mtoa taarifa, kifaa kiliifunika ROM ya zamani kwa ile mpya, kikaangalia kama "kosa" hilo ni amri kinayoifahamu, kikaitekeleza. ROM isiyobadilika ikapata uwezo mpya kupitia mahali pale pale ilipokiri kushindwa.

Marekani, Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na hila iliyotegemea tabia ya 6502. Mfumo wake ulihitaji milango tisa ya makosa, kila mmoja ukipakia namba yake, 1 hadi 9, kisha wote kuendelea na kazi ileile. Njia ya kawaida ni kupakia namba na kuruka, baiti 3 kwa kila kuruka. Waandishi wake wakaweka baiti 1 kati ya mlango na mlango, mwanzo wa agizo la kupima anwani. Agizo hilo huzihesabu baiti 2 zinazolifuata kuwa ni anwani, na baiti hizo 2 ndizo agizo la kupakia namba inayofuata. Aliyeingia kwa mlango wa 1 akaivuka milango mingine yote bila kuigusa, kwa sababu machoni pa prosesa haikuwa milango tena.

Lakini Commodore ilibana pia kwa namna isiyopendeza. Mashine ilikuwa na chipu bora kabisa za picha na sauti kwa wakati wake, na BASIC yake ya kilobaiti 8 haikuwa na amri hata moja ya kuchora wala kupiga muziki. Mtoto aliyetaka sauti ililazimika aingize namba kwenye anwani za kumbukumbu, moja baada ya nyingine, akitazama jedwali kitabuni. ROM kubwa zaidi ingeziba pengo hilo. Ufundi wa kubana unapogeuka kuwa kumpunguzia mtumiaji haki yake, hapo hausifiwi.

Acorn, wapinzani wa Sinclair palepale Cambridge, walichagua njia tofauti kwa kompyuta waliyoitengenezea BBC, iliyotoka Desemba 1981. Waliweka kilobaiti 16 za mfumo wa uendeshaji na nyingine 16 za BASIC. BASIC hiyo iliandikwa na Sophie Wilson, na mpaka leo wanaoipekua wanastaajabu: ndani ya kilobaiti 16 mna lugha yenye kasi na mpangilio zaidi kuliko BASIC nyingi za zama zake, pamoja na chombo kizima cha kuandikia maagizo ya prosesa yenyewe. Upande wa mfumo wa uendeshaji kulikuwa na baiti 768 ambazo prosesa haikuweza kuzisoma, kwa kuwa anwani zake zilitumiwa na vifaa vya nje. Nafasi isiyofaa kwa programu. Acorn waliijaza majina ya watu waliosaidia kuitengeneza kompyuta hiyo.

Haya yote tunayajua kwa sababu watu waliyasoma. Mwaka 1983 Ian Logan na Frank O'Hara walichapisha kitabu kilichoifasiri ROM nzima ya Spectrum, agizo kwa agizo, kikieleza kazi ya kila kipande. 

Afrika Mashariki ilikuwa wapi? Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na televisheni pamoja nazo, baada ya serikali kukatishwa tamaa na mashine iliyowekwa kushughulikia hesabu zake. Uganda haikuwa na sheria kama hiyo, lakini ilikuwa na vita na uchumi ulioanguka. Kasese ulikuwa mji uliokuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956 kuisafirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji huo ulisimama. Mwezi Agosti 1982, miezi minne baada ya Spectrum kuzinduliwa, Charles Mumbere, kiongozi wa vuguvugu la Rwenzururu, alifikia makubaliano na serikali ya Rais Milton Obote, na wapiganaji wa vuguvugu hilo wakashuka kutoka milimani baada ya miaka ipatayo ishirini.  Chuo Kikuu cha Makerere kilipata taasisi yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1985. Zama za kompyuta ya nyumbani inayounganishwa na televisheni zilipita, na sehemu hii ya nchi haikuzionja.

Hata hivyo ufundi wenyewe ulifika, kwa njia nyingine, na mtu aliyeuleta ni yuleyule Sophie Wilson. Akishirikiana na Steve Furber, alibuni prosesa mpya ya Acorn, na chipu ya kwanza iliwashwa Aprili 1985. Ndiyo ARM. Ilikuwa na kasi na ilikula umeme kidogo, sifa zilizofaa kabisa kwa simu ya mkononi. Ila ilikuwa na kasoro moja: kila agizo lake lilichukua baiti 4, na programu zikawa ndefu. Watengenezaji wa simu, Nokia wakiwa mbele, walilalamika, kwani programu ndefu inadai chipu kubwa ya kumbukumbu, na chipu kubwa inapandisha bei. Yalikuwa malalamiko yaleyale ya Sinclair.

Mwaka 1994 kampuni ya ARM ilitoa jibu, kazi iliyoongozwa na Dave Jaggar. Maagizo yanayotumika mara nyingi yaliandikwa upya kwa baiti 2, na ndani ya prosesa kukawekwa kifaa cha kuyakunjua kuwa yale ya baiti 4 wakati wa kuyatekeleza. Programu zilishuka hadi kama asilimia 65 ya urefu wa awali. Kumbukumbu finyu za simu zilipitisha agizo zima kwa mkupuo mmoja, na kwa hiyo kasi iliongezeka. Vickers na Wozniak walilipia ufupi kwa muda. Hapa ufupi uliiharakisha mashine. Prosesa hiyo, ARM7TDMI, iliingia kwenye simu za Nokia kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, hadi ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi, ambayo Kenya waliiita mulika mwizi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na vijiji vya Rwenzori vilipata sehemu yake.

Kwenye simu hizo pesa zikaanza kutembea. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya laini, chipu ndogo yenye kumbukumbu finyu, na mteja wa zamani alilazimika kubadilisha laini ili aipate. Hiyo ilikuwa ROM kwa maana yote iliyo muhimu: menyu ndogo, iliyobanwa, inayokaa mkononi mwa mtu na isiyobadilika kirahisi. MTN Uganda ilianzisha huduma yake mwaka 2009. Leo mfanyabiashara wa Kinyamaseke anayetaka kumlipa aliyemletea mzigo anabonyeza *165#, na menyu anayoiona haimo kwenye simu yake wala kwenye laini. Imo kwenye kompyuta za mtandao, na simu inapokea ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Ukurasa huo nao una ukomo. Ujumbe wa aina hiyo hauzidi baiti 160. Kwa kuwa herufi za simu zimewekwa kwenye biti 7 badala ya 8, herufi 182 zinaenea humo, na kwa hesabu hiyohiyo ujumbe mfupi wa kawaida wenye baiti 140 unabeba herufi 160. Ile biti ya nane, ambayo Sinclair waliitia alama ya mwisho wa neno, hapa imeondolewa kabisa. Kiswahili na Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa Kasese, huandikwa kwa herufi zilizomo kwenye jedwali hilo la biti 7, kwa hiyo wasemaji wake hupata herufi zote 160. Anayeandika Kiamhari, ambaye herufi zake hazimo, hulazimika kutumia baiti 2 kwa kila herufi, na ujumbe wake unaishia kwenye herufi ya 70.